Risasi ya Kwanza Haikuhesabiwa: Tamko la Wakazi wa Mlolongo na Syokimau

Sisi wanachama wa chama cha wakazi wa Mlolongo, Syokimau na Athi River, waendesha bodaboda na madereva wa teksi, akina mama wauza mboga, wenye nyumba na wapangaji, walimu na vibarua wa viwandani, tumekutana tarehe 23 Juni kama tunavyokutana kila mwaka. Tumesimama kimya kwa dakika tatu, dakika moja kwa kila marehemu. Kisha tumekaa, tumesemezana, na tumekubaliana kutoa tamko hili.

Linawahusu Willie Kimani, wakili. Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda. Na Joseph Muiruri, dereva wa teksi. Linamhusu pia askari aliyewaua, na linatuhusu sisi tulioishi naye mji mmoja.

Wakenya wengi wanayakumbuka mauaji haya kwa mwisho wake, yale magunia yenye miili yao yaliyotolewa mtoni Ol Donyo Sabuk. Sisi tunaomba yakumbukwe kuanzia mwanzo. Mwanzo ulikuwa Aprili 2015, hapa hapa kwetu, siku Mwenda aliposimamishwa barabarani akiwa na pikipiki yake, akapigwa risasi mkononi. Aliyempiga ni Fredrick Leliman, afisa wa Polisi wa Utawala katika kambi ya Syokimau. Tuseme risasi ile ilimponyoka, kama ilivyowahi kuelezwa. Bunduki huponyoka. Lakini yaliyofuata hayakuponyoka mikononi mwa mtu. Aliyejeruhiwa ndiye aliyeshtakiwa. Mwenda, mkono ukiwa na bendeji, akajikuta anajibu mashtaka ya makosa ambayo hakuyatenda, huku aliyefyatua risasi akiendelea kuvaa sare na kushika zamu.

Mwenda hakunyamaza. Alipeleka malalamiko kwa mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, ile ambayo wengi wetu tunaiita IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ili raia apate mahali pa kumshtaki askari bila kurudi kwa askari yule yule. Shirika la kutetea haki la International Justice Mission likamsimamia, na wakili aliyeichukua kesi yake akawa Willie Kimani. Baada ya malalamiko hayo vitisho vikaanza. Kabla mwaka kuisha, Mwenda akakamatwa tena, safari hii kwa makosa ya barabarani. Ni kesi hiyo ya barabarani iliyowapeleka yeye na wakili wake katika mahakama ya Mavoko asubuhi ya tarehe 23 Juni 2016, wakipelekwa na Muiruri kwa teksi yake. Walitoka mahakamani. Hawakufika nyumbani.

Tunawaomba wasomaji wahesabu nasi. Kutoka Aprili 2015 hadi Juni 2016 ni miezi kumi na minne. Katika miezi hiyo yote, kila jambo lililohitajika kujulikana juu ya askari huyu lilikuwa limeandikwa mahali fulani. Palikuwa na mtu mwenye kovu la risasi. Palikuwa na malalamiko rasmi yenye jina la aliyempiga. Palikuwa na mashtaka mawili dhidi ya mlalamikaji, na nyuma ya yote mawili ukimtafuta aliyekosana naye unamkuta mtu yule yule. Na mtu huyo alibaki katika kambi ile ile, mwendo mfupi tu kutoka njia ambazo Mwenda alipita kila siku akitafuta riziki. Hakuhamishwa wala hakupokonywa silaha. Kwa hiyo tunapowasikia watu wakisema kwamba askari huyu alificha unyama wake, tunawauliza: aliuficha wapi? Jalada lilikuwa wazi.

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa shule ya upili, alituletea kikaoni riwaya ya Kimarekani, The Killer Inside Me, aliyoiandika Jim Thompson mwaka 1952. Ni hadithi ya Lou Ford, naibu sherifu katika mji mdogo wa Texas, mtu wa adabu, anayesalimia kila mtu na kuwachosha watu kwa maneno ya kawaida kawaida, kumbe ndani yake ni muuaji. Mwandishi alijua alichokuwa akikiandika, kwani baba yake mwenyewe aliwahi kuwa sherifu huko Oklahoma. Tuliizungumza hadithi hiyo hadi jioni. Mwalimu wetu alisema kitu kilichotukaa: kwamba Lou Ford alilazimika kufanya kazi kubwa ya kuudanganya mji wake, akicheka na huyu, akimsaidia yule, akijifanya mjinga mbele ya mwingine. Sisi hatukuhitaji kudanganywa kiasi hicho. Huku kwetu muuaji mwenye sare hufichwa na mambo matatu ambayo hata hayamgharimu kitu: karatasi, sifa na woga. Tunataka kuyasema yote matatu, na la pili litatuuma wenyewe.

Tuanze na karatasi. Anayeishi mjini Nairobi katika majengo yenye walinzi huenda asijue uzito wa kitabu kile kikubwa cha kurekodi matukio kituoni, kile tunachokiita OB. Kwetu, kilichoandikwa humo ndicho kilichotokea. Mtu akipigwa na askari saa mbili usiku, saa tatu kitabu kinaweza kusema alikuwa mlevi, alileta fujo, alikataa kukamatwa, alikutwa na msokoto wa bangi. Kuanzia hapo yeye ni mshukiwa, na askari ni shahidi. Mwanachama wetu mmoja, kijana wa steji, alivunjwa vidole viwili miaka kadhaa iliyopita kwa sababu alichelewa kutoa hela. Alipokwenda kuripoti, afisa wa zamu alimwambia kwa upole kabisa, "Kijana, wewe ndiye umeandikwa hapa." Hakuwa na la kusema. Alirudi stejini, akafunga vidole kwa kitambaa, akabeba abiria kwa mkono mmoja.

Karatasi ndiyo inayosema kwanza, na inayosema kwanza ndiyo inayoaminiwa. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikufa akiwa mikononi mwa polisi Nairobi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyopatana na maelezo hayo. Kuna watu walioshtakiwa kwa kifo hicho na hatutaingilia kazi ya mahakama. Tunachokisema ni kwamba bila madaktari wale kuufungua mwili na kueleza walichokiona, ukuta ungebaki kuwa ndio muuaji.

Na sasa sifa. Mwaka 2014, alipokamatwa afisa wa polisi Titus Ngamau Musila, aliyejulikana mitaani kama Katitu, wakazi wa Githurai waliingia barabarani na kufunga barabara kuu ya Thika. Walitaka aachiliwe. Kwao alikuwa shujaa aliyewamaliza majambazi, mtu aliyewafanya walale usingizi. Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwaka 2018 kwa kumuua kijana mmoja hapo hapo Githurai.

Hatuwasemi watu wa Githurai. Tunajisema. Nani kati yetu hajawahi kusikia stejini, au kwenye kibanda cha chai, au ndani ya matatu, mtu akimsifu askari fulani kwa sababu "hana mchezo", "hacheleweshi", "akikukuta usiku umekwisha"? Nani kati yetu hajawahi kutikisa kichwa kukubali? Mwizi anapoibia mama mboga mauzo ya wiki nzima, moyo unataka aje mtu asiyeuliza maswali. Tunaelewa. Wengi wetu tumeibiwa, wengine tumechomwa visu kwa ajili ya simu ya shilingi elfu nne. Lakini askari asiyeuliza maswali kwa mwizi ndiye huyo huyo asiyeuliza maswali kwa mwendesha bodaboda aliyemshtaki. Hana mikono ya aina mbili. Tulipomshangilia kwa wa kwanza tulikuwa tumemruhusu kwa wa pili, na hili tunalikiri mbele ya familia tatu ambazo zimelipa gharama ya shangwe zetu.

Kuhusu woga hatuna haja ya kusema mengi. Kila aliyeendesha pikipiki usiku kutoka mizani ya Mlolongo kuelekea Syokimau anaujua.

Turudi kwenye siku yenyewe, kwa sababu kuna jambo moja ambalo tunataka kila mtoto wa eneo hili alijue. Baada ya kutekwa walipotoka mahakamani, wale watatu walipelekwa kambini Syokimau na kufungiwa ndani ya kontena la chuma. Sisi ni watu wa barabara ya malori, na makontena tunayajua. Wazee husema hata jina la mji wetu limetokana na mlolongo wa malori yanayosubiri kupimwa. Tunajua kontena linavyochemka mchana wa Athi River, na tunajua sauti isivyotoka humo. Kutoka ndani ya chuma hicho Willie Kimani alichukua kipande cha karatasi ya msalani, akaandika nambari ya simu ya mkewe na ujumbe kwamba wako hatarini, akakitupa nje. Mtu akapita, akakiona, akakiokota, akapiga ile nambari.

Karatasi zote tulizozitaja hapo juu zilimfunika muuaji. Hii moja, nyembamba kuliko zote, ndiyo iliyomfunua. Simu ile ilianzisha msako, na msako ukawaambia watu waliokuwa wakiwatafuta kwamba hawa hawakupotea bali wako mikononi mwa serikali. Haikuwahi kuwaokoa. Usiku huo huo waliuawa. Wiki moja baadaye miili yao ilitolewa mtoni Ol Donyo Sabuk, imefungwa kwa kamba, imetiwa ndani ya magunia.

Tunataka pia ikumbukwe nchi ilivyosimama Julai ile. Mawakili, wakiongozwa na chama chao, waligoma kuingia mahakamani na kuandamana wakiwa na mabango ya Willie Kimani. Waendesha bodaboda nao wakaingia barabarani, wakipiga honi, kwa sababu mmoja wao alikuwa ndani ya gunia pamoja na wakili. Ilikuwa nadra, na haijatokea mara nyingi tangu hapo, wakili mwenye suti na kijana mwenye jaketi la kung'aa kupaza sauti moja kwa ajili ya wafu wale wale. Bila makelele hayo tunaamini jalada hili lingelala pale majalada mengi yalipolala.

Hata hivyo lilichukua muda. Kesi ilidumu miaka sita. Mashahidi walikuja mmoja mmoja, data za simu zikachambuliwa ili kuonyesha nani alikuwa wapi saa ngapi, na Peter Ngugi, raia aliyekuwa mpasha habari wa polisi, alitoa maelezo ya jinsi usiku ule ulivyokwenda, maelezo ambayo baadaye alijaribu kuyakana. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani Leliman, maafisa wenzake Stephen Cheburet na Sylvia Wanjiku, pamoja na Ngugi. Afisa wa nne aliachiliwa huru. Februari 2023 Leliman akahukumiwa kifo, Cheburet miaka 30, Wanjiku miaka 24, na Ngugi miaka 20.

Hatukushangilia hukumu ya kifo, na tunataka hilo lijulikane. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, na hatuna hamu ya kuona kamba ikirudi. Tulichokishukuru ni kwamba mahakama iliandika kwa kirefu, kwa majina na saa na mahali, kile ambacho vitabu vya polisi havikuandika. Kwa mara moja karatasi ilikuwa upande wa aliyekufa.

Lakini hukumu haikujibu swali letu, wala haikuwa kazi yake kulijibu. Leliman yuko gerezani. Utaratibu uliomwacha miezi kumi na minne na bunduki karibu na mtu aliyemshtaki hauko gerezani. Ndiyo maana tunasema yafuatayo, na tunayasema kwa wenye mamlaka, si kwa hewa.

Kwanza kabisa, na hili tungeridhika hata kama lingetimizwa peke yake: afisa aliyempiga raia risasi, na raia huyo akalalamika rasmi, aondolewe katika eneo hilo siku malalamiko yanapopokewa, na silaha yake ikabidhiwe hadi uchunguzi umalizike. Hatusemi afutwe kazi. Hatusemi anyimwe mshahara, kwani ana watoto kama sisi na huenda hana hatia. Tunasema tu asiachwe akilala mita mia chache kutoka kwa mtu ambaye ushahidi wake unaweza kumfunga. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 tayari inamtaka afisa anayetumia bunduki kuripoti kwa mkubwa wake, na tayari inataka jeraha kubwa au kifo kilichotokana na bunduki hiyo kipelekwe kwa IPOA. Sheria ipo. Kinachokosekana ni mkubwa anayeichukua risasi ya kwanza kwa uzito wa risasi.

Tunamwomba Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aweke utaratibu wa kukagua kila jalada ambalo mshtakiwa ndani yake amewahi kumlalamikia afisa aliyemkamata, na alikague kabla mshtakiwa hajasomewa mashtaka. Katiba inampa mamlaka ya kuamua nani ashtakiwe na nani asishtakiwe. Mwenda alikuwa mlalamikaji katika ofisi moja na mshtakiwa katika nyingine, na hakuna aliyeyaweka majalada hayo mawili juu ya meza moja. Lau yangewekwa, hata karani mchanga angeona.

Tunaitaka IPOA itumie kwa ukamilifu uwezo wake wa kukagua mahali wanapozuiliwa watu, na isiishie kwenye vituo vikubwa vyenye bendera na maua. Ije kambini. Ifungue makontena. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo huanza kuhesabiwa wapi kwa mtu ambaye hakuandikwa popote? Hakimu wa eneo naye ana haki ya kujua ni mahali gani katika himaya yake watu wanafungiwa, na tunamwomba aulize.

Kuhusu maiti, Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda huduma ya taifa ya wachunguzi wa vifo, watu ambao kazi yao ingekuwa kuuliza kila aliyekufa ghafla au mikononi mwa serikali alikufaje, bila kuamriwa na polisi. Sheria hiyo imekaa miaka mingi bila kupewa fedha wala watu. Tumewazika majirani wawili ambao sababu ya vifo vyao iliandikwa na mkono ule ule tulioushuku. Hatutaki kuzika wa tatu kwa namna hiyo.

Na wale wanaothubutu kusema walindwe kabla hawajauawa. Shirika la kulinda mashahidi lipo kisheria, lakini muulize mwendesha bodaboda yeyote hapa linapatikana wapi, hatajua. Mtu anayeishi kwa mapato ya siku hawezi kupanda matatu hadi ofisi ya mbali mjini, asubiri foleni, aambiwe arudi wiki ijayo, kisha arudi nyumbani kwa njia anayosubiriwa. Ofisi ifunguliwe kila kaunti, na iwe na mtu anayepokea simu usiku.

Tuna neno kwa maafisa wenyewe. Wapo kati yenu, na tunawafahamu kwa majina, ambao wamewahi kumpeleka mama mjamzito hospitalini kwa gari la polisi saa nane usiku, waliomtafuta mtoto aliyepotea mpaka wakampata, waliokataa shilingi mia mbili barabarani huku mwenzao akiwacheka. Hatuwaweki kapu moja na wauaji. Lakini kambi ni ndogo. Mnalala pamoja, mnakula pamoja, mnapishana zamu. Ndani ya kambi ile watu watatu walikuwa ndani ya kontena, mchana kweupe. Hatuwezi kujua nani alisikia. Tunajua tu kwamba aliyepokea ujumbe wa Kimani na kuufanyia kazi hakuwa mmoja wenu, alikuwa mpita njia. Afande, ukimwona mwenzako anampiga mtu aliyekwisha kufungwa pingu, anacheka akieleza alivyompiga risasi kijana, anarudia jina la mtu mmoja kila siku kwa hasira, usingoje magunia. Wewe ndiwe unayemwona akiwa bila sare.

Na neno kwetu wenyewe, ambalo tumelipigia kura na kulipitisha. Kuanzia leo hakuna steji, kikundi cha akiba wala kanisa au msikiti miongoni mwa wanachama wetu utakaomchangia, kumsifu au kumwandamania afisa yeyote kwa sababu ameua, hata akiwa amemuua mwizi tuliyemjua. Mwizi apelekwe mahakamani, hata kama ametuibia. Kila steji itakuwa na daftari lake. Mwenzetu akipigwa, akikamatwa, akitishwa, tutaandika siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, nambari ya gari, nambari ya afisa kama imeonekana, na majina ya waliokuwapo. Wakiandika wao kwamba alikuwa mlevi, nasi tutakuwa tumeandika alikuwa na abiria gani na alimpeleka wapi. Daftari la kwanza tumelinunua kwa shilingi mia moja na ishirini, liko kwa katibu, na lina kurasa nane zilizokwisha kujazwa.

Kwa familia za Kimani, Mwenda na Muiruri, hatuna zawadi ya kuwapa. Tuna ahadi moja, kwamba majina haya matatu yatatajwa pamoja. Magazeti yalizoea kuandika wakili na "wengine wawili". Hapa kwetu hakuna wengine wawili. Muiruri hakuwa na kesi na mtu yeyote. Alikuwa kazini, kama sisi sote tulivyokuwa kazini siku ile.

Tunamalizia kwa ombi kwa kila anayepita barabara hizi, mkazi au mgeni. Ukipita karibu na kambi, kituo, au kontena lolote lililofungwa, ukaona karatasi imetupwa nje, inama uiokote. Isome. Ikiwa na nambari ya simu, piga. Usiogope kwamba hukuombwa, na usiseme ni mambo ya watu. Kisha njoo utuambie, saa yoyote, katika steji yoyote yenye daftari.

Tamko hili limesomwa mbele ya wanachama na kukubaliwa kwa kauli moja.

Limetolewa Mlolongo, Kaunti ya Machakos, tarehe 23 Juni.